Nani Amekuambia Haipo?

Siku ya kuniaga mlinipa blanketi na saa ya ukutani. Blanketi naitumia. Saa nimempa dada yangu, maana mtu aliyestaafu akiangalia saa kila mara ni wa kuhurumiwa. Baada ya keki mkaniomba niandike kidogo juu ya kazi yetu, ili wale wanaoingia baada yangu wajue pa kuanzia. Haya basi. Mambo ya vyeo na mshahara nayaruka. Mshahara wenyewe ulikuwa unajiruka.

Kanisani wameniuliza miaka yote nilikuwa nafanya nini mjini, na sikuwahi kuwapa jibu la kuwatosha. Nikisema nasahihisha vitabu, wananiletea insha za watoto wao. Ukweli ni huu: ofisi yetu ilitengeneza programu ya kutafuta faili kwenye kompyuta. Tuliiita Caria, neno la Kikuyu la kumwambia mtu atafute. Caria haina picha wala vitufe vya kubonyeza. Unafungua ile skrini nyeusi, unaandika amri, nayo inapekua folda baada ya folda na kukuletea majina ya faili. Programu iliandikwa na wengine. Mimi nilikuwa wa kitabu cha mwongozo, na kazi yangu ilikuwa kukamata sentensi zinazodai jambo ambalo programu haifanyi.

Nilianza mwezi wa Julai, na Julai ya Nyeri mnaijua. Ukungu ulikuwa umekaa mjini tangu asubuhi na mlima hata hukuweza kuukisia uko upande gani. Nilipanda zile ngazi za mbao juu ya duka la dawa, nikamkuta Bwana Ndirangu amevaa sweta mbili na koti juu yake, mikono ameizungushia kikombe cha chai. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa amesoma prufu, zile kurasa za kusahihishwa kabla ya kuchapwa, miaka mingi kwenye kiwanda cha uchapaji cha kanisa kabla ya kuja kwetu, na kompyuta hakuipenda hata kidogo. Aliishika kibodi kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa kinyesi cha kuku kwenye yai.

Hakunisalimia sana. Alinipa rula ya mbao na kalamu nyekundu.

"Soma mstari mmoja," akasema. "Ule wa chini ufunike na rula."

"Kwa nini niufunike?"

"Kwa sababu mstari wa chini utautetea wa juu. Nataka kila mmoja ujitetee wenyewe."

Nikasoma. Mstari wa kwanza ulisema Caria itakuonyesha faili zote.

"Nani amekuambia?" akauliza.

"Kitabu."

"Na kitabu kimeambiwa na nani?"

Nilikuwa na diploma yangu mpya kwenye mkoba na sikuwa nimeitayarisha kwa swali hilo.

"Nenda kwa mashine uiulize," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Nikaiuliza. Kumbe Caria ilionyesha faili zote za folda ile uliyosimama ndani yake na folda zilizo chini yake, basi. Faili ikiwa kwenye folda ya jirani, huioni ng'o. Nilirudi kwa Bwana Ndirangu nimefurahi kana kwamba nimeokota ng'ombe. Hakunisifu. Alinionyesha mstari wa pili.

Hiyo ndiyo shule niliyosoma. Kila siku nilisikia "nani amekuambia?" mpaka nikaanza kuisikia nikiwa sokoni nanunua viazi. Mume wangu alinikataza kuitumia nyumbani. Alisema mtu akirudi jioni akasema mvua inakuja, hataki kuulizwa habari hiyo kaitoa wapi.

Ofisi ilikuwa na desturi nzuri siku hizo, nayo mkiirudisha mtanifurahisha sana. Kila toleo jipya la mwongozo lilipotoka, tulitoka nalo. Tulikwenda kuketi nyuma ya watu wanaolitumia, tukanyamaza, tukaangalia. Kunyamaza ndiko kulikokuwa kugumu. Kule mji wa Chaka tulikuwa na karani wa duka la dawa za mifugo, kwenye ile barabara ya Nanyuki ambako harufu ya nyama choma inaingia mpaka kwenye karatasi. Mwongozo ulimwambia "andika jina la faili hapa." Naye, mtu mtiifu, akaandika j-i-n-a l-a f-a-i-l-i, akabonyeza, akangoja. Alipoona kimya alinigeukia kwa adabu, akasema, "Madam, imekataa." Nilitaka ardhi ipasuke. Yeye hakuwa amekosea hata herufi moja.

Kangema nako kulikuwa na mama mmoja katika ofisi ya wakulima wa chai. Katika Caria, ukiweka alama ya nyota, nyota hiyo moja inasimama mahali pa herufi zozote, ziwe nyingi ziwe chache. Sisi tulikuwa tumeandika "nyota husimama mahali pa herufi." Basi mama wa watu alikuwa anahesabu herufi za jina kwa vidole na kuweka nyota moja kwa kila herufi, amezipanga vizuri kama miche ya kitalu. Alikuwa ameifanya kazi hiyo msimu mzima bila kulalamika. Nilipomwonyesha kwamba moja inatosha, alicheka mpaka akafuta machozi na leso.

"Wee! Na vile nilikuwa najisifu kwa bwana yangu ati niko na kazi ya nyota!"

Nilirudi mjini nikaandika sentensi hiyo upya kabla sijavua koti. Nakumbuka siku kama hizo nikiwa nakatia ng'ombe majani, na haki nawaambia, natamani nizirudie hata moja.

Sasa nifike kwa sentensi iliyonisumbua kuliko zote. Ilikuwa mwanzoni kabisa mwa mwongozo, mahali ambapo hata mvivu anafika. Ilisema: "Kama Caria haionyeshi kitu, faili hiyo haipo."

Bwana Ndirangu aliichukia tangu zamani. Mimi nilirithi chuki hiyo pamoja na rula yake, siku alipostaafu akaenda kulima vitunguu Kieni. Mnaelewa ubaya wake? Mtu akitafuta ufunguo kwenye mfuko mmoja wa koti asiuone, hana haki ya kutangaza ufunguo haupo duniani. Caria ina mahali ambapo haiangalii. Haiangalii folda ya jirani, kama nilivyosema. Na kuna faili za aina fulani inazoziruka kwa makusudi: zile ambazo majina yake yanaanza na nukta. Kompyuta hutumia majina hayo kwa vitu vyake vya ndani, mipangilio na takataka nyingine ambazo mtu wa kawaida hana haja nazo, kwa hiyo Caria inazipita bila kusema neno. Ukitaka izionyeshe, lazima uongeze neno "zote" mwishoni mwa amri. Hayo tulikuwa tumeyaeleza, ndiyo, lakini huko nyuma kabisa, kwenye kurasa ambazo watu hufungia mandazi.

Nilipeleka sahihisho langu kwa Mutahi, aliyekuwa mkuu wa waandishi wa programu. Mutahi ni mtu mwema, na hilo naliandika hapa kwa sababu najua atasoma. Lakini alikuwa na ugonjwa wa ufupi.

"Mama Gathoni," akaniambia, "watu hawasomi. Ukiwaambia 'haikuonekana mahali palipotafutwa kwa namna ilivyotafutwa,' watafunga kitabu. 'Haipo' ni fupi."

"Ni fupi, ndiyo. Na ni ya uongo."

"Si uongo. Mara nyingi inakuwa haipo kweli."

"Nani amekuambia?"

Akacheka, akaniitia chai, na sentensi ikabaki. Toleo lililofuata nikaipeleka tena, ikabaki. Ikawa mzaha wa ofisi. Mkinikuta nimenuna, mnaulizana kama nimetoka kwa Mutahi. Bwana Ndirangu alipofariki, nilisimama kaburini pake nikiwa na aibu kidogo, maana alikuwa ameniachia kazi moja tu.

Kisha akaja Mama Wangechi.

Ilikuwa Alhamisi, mwaka wangu wa mwisho wa kazi. Nilisikia mtu anapanda ngazi polepole akipumzika kila baada ya hatua kadhaa. Mlangoni akatokea mama wa umri wa kuniita mdogo wake, kitambaa kichwani, sweta ya kijani, na mkononi ameshika nakala ya mwongozo wetu. Hakuketi nilipomkaribisha. Aliufungua kwenye ule ukurasa wa mwanzo, akaweka kidole.

"Ni nyinyi mmeandika ati mama yangu hayuko?"

Jamani. Nimeandikiwa malalamiko mengi maishani, lakini hilo lilinikata maini. Nikasimama, nikamshika mkono, nikamwomba akae anieleze.

Alitoka Giakanja. Mjini kulikuwa na kituo kidogo cha kuhifadhi sauti za wazee, watu waliozunguka vijijini zamani na kinasa sauti wakirekodi nyimbo na hadithi. Walifika kwao na kumrekodi mama yake, Nyaguthii, mle jikoni akisuka kikapu cha kiondo. Yeye Wangechi ndiye aliyewapikia chai wageni.

"Nilikuwa naingia na kutoka, naingia na kutoka," akasema. "Sikusikia hata vile alikuwa anasema. Nilijua mama ako, nitamsikia kesho."

Mama alishazikwa miaka mingi. Sasa alikuwa amesikia kwamba kompyuta ya zamani ya kituo inasafishwa kesho yake, Ijumaa, ifutwe kila kitu na kupewa shule, na sauti zote zimehamishiwa mashine mpya. Akaenda kuiomba ile ya mama yake kabla vitu havijachanganyikana. Msimamizi, Bwana Wambugu, akatafuta jina na Caria. Ikampa Nyaguthii mmoja. Akamchezea sauti hiyo.

"Nikamwambia, huyu ni mtoto wa kaka yangu. Amepewa jina la mama, ndiyo, na anaimba kwa kwaya ya shule. Jina ni hiyo, sauti si hiyo. Akatafuta tena. Akaniambia, mama, haiko. Nikamuuliza, nani amesema? Akanionyesha hii kitabu." Akaufunga mwongozo, akauweka mezani kwangu, akausukuma upande wangu. "Kwa nyuma iko na anwani yenu. Nikasema wacha niende niulize wenyewe. Niko na picha yake. Lakini picha haiongei."

Nani amesema. Nilihisi kana kwamba Bwana Ndirangu amekohoa nyuma yangu. Nikachukua mkoba wangu, nikamwambia Mutahi natoka, na alipouliza naenda wapi nikamjibu naenda kuangalia kama kitu fulani hakipo.

Tulishuka pamoja mpaka kituoni, taratibu kwa sababu ya magoti yake. Bwana Wambugu alikuwa kijana nadhifu mwenye wasiwasi. Alinipokea vizuri lakini uso wake ulisema amechoka kulaumiwa.

"Madam, nimetafuta kabisa. Kile Caria ilionyesha, nimekopi chote kwa mashine mpya. Sikuacha kitu."

"Hebu iulize tena, tuone orodha nzima ya wazee."

Akaandika amri kwenye kompyuta ya zamani. Majina yakashuka kwenye skrini nyeusi, kila jina na kijiji chake. Mama Wangechi hakuwa na miwani, kwa hiyo nikamwomba Bwana Wambugu amsomee. Sikuwa na akili yoyote kubwa, nawaambia kweli. Nilitaka tu asikie mwenyewe, asiondoke akidhani tumemficha.

Bwana Wambugu akasoma jina.

"Huyo ako," Mama Wangechi akasema. "Anakaa karibu na soko."

Akasoma lingine.

"Huyo pia ako. Tulikuwa na yeye kanisani Jumapili."

Lingine.

"Ako. Magoti imemshinda lakini ako."

Tukaendelea hivyo. Wengine hakuwajua, lakini kila aliyemjua alikuwa hai. Hawa walikuwa wazee walipokuwa wanarekodiwa, na ni zamani. Itawezekanaje wote wawe hai?

"Bwana Wambugu," nikasema, "waliokufa mmewaweka wapi?"

Akanitazama. "Wako hapo hapo kwa folda. Waliwekewa nukta tu."

"Nukta gani?"

Akaeleza, na alieleza kwa upole mzuri, akidhani nauliza jambo la heshima. Kituo kilikuwa na desturi ya kuwaalika wazee kunywa chai pamoja kila mwaka, na majina yalisomwa kutoka kwa rejista. Mwaka mmoja aliitwa mzee ambaye alikuwa ameshazikwa, na mjane wake amekaa pale pale mbele. Mama huyo alilia mpaka chai ikapoa mezani kwa kila mtu. Tangu siku hiyo karani wa zamani aliweka nukta mbele ya jina la kila mzee aliyefariki, ili yeyote anayesoma alipite kimya kimya. Rejista ilipoingizwa kwenye kompyuta, waliheshimu desturi. Mzee akifariki, jina la faili yake linaongezewa nukta mbele.

Nilikaa. Ngai wangu. Watu hawa walikuwa wamefanya jambo la utu kuliko yote niliyoyaona kazini, na programu yetu ilikuwa imelipokea na kufanya kile kile walichokiomba. Ilikuwa imewapita wafu kimya kimya. Wote. Na kesho asubuhi ile mashine ingesafishwa, kwa sababu mimi na Mutahi tulikuwa tumewaahidi kwa maandishi kwamba kisichoonyeshwa hakipo.

"Iandike tena," nikamwambia. "Halafu mwishoni ongeza neno 'zote.'"

Akaongeza. Akabonyeza.

Majina yakaanza kushuka, na safari hii hayakusimama. Yalijaza skrini, yakapanda juu, yakajaza tena, mengi yakiwa na kinukta mbele. Bwana Wambugu alibaki mdomo wazi, mkono umekaa hewani. Halafu akaanza kuyasoma yale ya nukta bila kuambiwa, kwa sauti ya chini, na Mama Wangechi aliyekuwa akisema "ako, ako," sasa alikuwa anaitikia kwa kichwa tu. Kwa jina moja akasema, "Huyo ndiye alinibatiza." Nilimwambia Bwana Wambugu apige simu shuleni, kompyuta hawaipati kesho. Akaipiga hapo hapo.

Mtataka kujua sentensi iliishia wapi. Nilirudi ofisini nikamweleza Mutahi nikiwa nimesimama. Hakuniitia chai. Alivuta kibodi kwake, akaifuta ile sentensi mwenyewe, akaniuliza, "Iseme vipi?" Sasa inasema: "Kama Caria haionyeshi kitu, Caria haijaiona faili hiyo. Angalia kwanza mahali ambapo haiangalii," na chini yake yameelezwa yale yote ya folda na ya nukta, pale pale mbele, si nyuma kwenye mandazi. Ni ndefu. Msithubutu kuifupisha nikiwa bado napumua, na hata baadaye nitajua. Rula ya Bwana Ndirangu iko kwenye droo yangu ya juu, ni ya atakayeichukua meza.

Lakini mimi nikikumbuka kazi hii, sikumbuki sentensi. Nakumbuka mle kituoni, Bwana Wambugu alipomfikia Nyaguthii wa Giakanja na kuifungua faili. Nilikuwa nimefunga mlango kwa sababu nje watu walikuwa wanapakua mizigo. Kwanza tulisikia moto ukitatarika na vikombe vikigongana. Halafu sauti ya mama mzima, kavu kidogo, yenye kicheko ndani yake, ikieleza kwa Kikuyu jinsi ya kuanza kitako cha kiondo. Mama Wangechi alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Hakulia. Alisikiliza kwa mwili mzima.

Katikati ya maelezo, sauti ikakatika, ikapanda ghafla, kali:

"Wangechi! Hebu funga huo mlango, moshi unanirudia!"

Mama Wangechi akainuka. Hakutufikiria hata kidogo, mimi na Bwana Wambugu. Alikwenda na magoti yake mabovu mpaka mlangoni, akakuta umefungwa, akashika kitasa. Akaufungua, akaufunga tena, akausukuma kwa kiganja kuhakikisha.

"Haya," mama yake akasema kutoka kwenye mashine. "Tulikuwa wapi?"